AKIBA HAIOZI: CHAKULA NA UHAI WA MZEE ALIYEJERUHIWA

Ninyi nyote mnajua kwamba katika mikutano yetu ya Ijumaa tumezoea kuchambua methali. Siku moja mlezi wa chama alituuliza maana ya methali isemayo, "Akiba haiozi." Wengi tulijibu kwamba akiba ni pesa au nafaka iliyo ghalani. Mimi nami nilijibu hivyo hivyo, nikapigiwa makofi, nikaketi.

Leo nataka kulisahihisha jibu langu. Iko akiba nyingine ambayo haiwekwi benki wala ghalani. Kila mmoja wetu anatembea nayo chini ya ngozi yake. Akiba hiyo ni misuli. Mtu akipatwa na ajali mbaya, hasa akiwa mzee, akiba hiyo ndiyo mwili wake hukimbilia. Ikiwa imekwisha, madaktari hupata kazi ngumu sana. Somo hili nililijifunza kwa uchungu, nami naliandika ili mwenzangu alijifunze bila uchungu.

1. SWALI LA DAKTARI

Nyanya yangu aligongwa na pikipiki akitoka sokoni. Alivunjika mfupa wa paja na mbavu kadhaa. Alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Sisi tulifikiri daktari atatuuliza juu ya ajali: pikipiki ilitoka upande gani, nyanya alianguka vipi. Kumbe swali lake lilikuwa tofauti kabisa.

"Mama," alimwambia mama yangu, "miezi sita iliyopita mgonjwa wetu alikuwa anakula nini? Nguo zake zilikuwa zinampwaya?"

Mama alinyamaza. Mimi nilitazama chini. Gauni la nyanya la kwendea kanisani mama alikuwa amelipunguza mara mbili katika mwaka ule mmoja. Mara mbili! Na mara zote mbili tulisema, "Ah, ni uzee tu." Nyanya alikuwa amebakiwa na meno machache, kwa hiyo asubuhi alikunywa chai ya rangi kwa mkate aliouchovya. Jioni tulipopika nyama, alitugawia sehemu yake akisema, "Kuleni nyinyi mnaokua. Mimi nimeshakula vya kutosha duniani."

Daktari akasema, "Sikuulizi ili nikulaumu, mama. Nauliza ili nijue mwili wake una nini cha kupigania."

Nyanya alifariki siku ya kumi na sita. Siwezi kusema kwamba aliuawa na njaa. Majeraha yake yalikuwa makubwa, umri wake ulikuwa mkubwa, na daktari mwenyewe alitueleza kwamba mambo hayo mawili yana uzito wake. Lakini swali lile lilinifuata hadi shuleni. Kwa nini daktari wa majeruhi aulize habari za chakula cha miezi sita kabla ya ajali? Nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanionyesha pa kuanzia kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

2. MWILI ULIOJERUHIWA HUJILA WENYEWE

Katika miaka ya 1930 alikuwako mwanasayansi mmoja mjini Glasgow, Scotland, aliyeitwa David Cuthbertson. Aliwachunguza watu waliovunjika miguu. Kazi yake haikuwa ya kupendeza: alipima nitrojeni iliyomo katika mkojo wao. Kama tulivyofundishwa, nitrojeni hutoka katika protini. Mkojo ukiwa na nitrojeni nyingi kuliko ile iliyoingia kwa chakula, maana yake ni kwamba mwili unavunja protini zake wenyewe.

Cuthbertson aliona kwamba nitrojeni iliyotoka ilikuwa nyingi mno, haiwezi kuwa imetoka katika mguu uliovunjika peke yake. Ilikuwa inatoka katika misuli ya mwili mzima. Mguu mmoja umevunjika, lakini mikono, mgongo na mapaja yote yanatozwa kodi!

Mwaka 1942 alieleza kwamba mwili uliojeruhiwa hupita vipindi viwili, akavilinganisha na bahari. Sisi wa Kiswahili tunayo maneno yake tayari: kupwa na kujaa. Kipindi cha kupwa huja kwanza, kwa saa chache au siku moja hivi baada ya ajali. Mwili hupoa na shughuli zake hupungua. Kisha huja kipindi cha kujaa. Joto hupanda, moyo hwenda mbio, na mwili huchoma nguvu nyingi kuliko kawaida. Hapo ndipo misuli huvunjwavunjwa.

Kwa nini mwili ufanye ukatili huo? Hebu fikiria nyumba iliyoungua upande mmoja, na fundi hana mbao. Atafanya nini? Atang'oa mbao za chumba kingine ili azibe pengo. Kidonda kinahitaji protini ili kifunge. Askari wa mwili wanaopigana na vijidudu wanahitaji protini. Ini linahitaji protini ili litengeneze vitu vya kuzuia hatari. Mgonjwa amelala, hali, na mahitaji hayawezi kungoja. Basi mwili unang'oa misuli.

Kiasi chake kinatisha. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kupima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi 63. Kufikia siku ya 10, eneo la mkato wa msuli huo lilikuwa limepungua kwa karibu asilimia 18. Siku kumi tu! Ni muda mfupi kuliko likizo yetu fupi ya nusu muhula na wiki moja juu yake.

3. KWA NINI MZEE HUUMIA ZAIDI?

Mimi na wewe tukivunjika mguu, miili yetu itang'oa mbao vivyo hivyo. Lakini sisi tunazo mbao. Mzee hana nyingi. Misuli huanza kupungua taratibu kadiri umri unavyosonga, na mtu asipokula protini ya kutosha wala kutumia viungo vyake, hupungua kwa kasi zaidi.

Msidhani kwamba misuli ni ya kubebea mizigo na kuchezea kandanda tu. Tunapumua kwa misuli. Tunakohoa kwa misuli. Mgonjwa mwenye mbavu zilizovunjika asipoweza kukohoa, makohozi hubaki mapafuni na nimonia humvamia. Mgonjwa aliyewekewa mashine ya kupumulia, akishapata nafuu kidogo, lazima aachishwe mashine ili apumue mwenyewe. Misuli ya kifua ikiwa imeliwa, atapumua kwa nini?

Ushahidi kwamba hali ya mtu kabla ya jeraha huamua mengi ni wa zamani. Mwaka 1936 daktari mpasuaji wa Cleveland, Marekani, aitwaye Hiram Studley, alichunguza wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Aliwagawanya kwa kadiri walivyokonda kabla ya kupasuliwa. Wale waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao, mmoja katika kila watatu alifariki. Wale ambao hawakukonda kiasi hicho, waliofariki hawakufika 4 katika kila 100. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Hao hawakuwa majeruhi wa ajali, lakini kisu cha daktari nacho ni jeraha.

4. MIZANI HUDANGANYA

Hapa mwenzangu ataniuliza, "Basi si tuwapime wazee wetu kwa mizani, tukiona ni wanene tutulie?" La, hasha! Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza kuliko yote.

Mwaka 2013 vilevile, watafiti wa Kanada na Marekani walitoa habari za wazee 149 waliojeruhiwa vibaya na kulazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Umri wao wa katikati ulikuwa miaka 79. Wengi wa majeruhi hupigwa picha za skani ya tumbo ili kutafuta damu inayovuja ndani. Watafiti walizitumia picha hizo hizo kupima misuli. Waligundua mambo haya:

(a) Katika kila wazee 100, wazee 71 walikuwa na upungufu wa misuli tangu siku walipoingia hospitalini.
(b) Kati ya hao wenye upungufu, karibu nusu, yaani asilimia 47, walikuwa wanene au wazito kupita kiasi. Waliokonda kwa kuonekana walikuwa asilimia 9 tu.
(c) Waliokuwa na upungufu wa misuli, asilimia 32 walifariki. Wasiokuwa na upungufu, asilimia 14 walifariki.

Soma tena kifungu cha (b). Mtu anaweza kuwa na tumbo kubwa na mashavu yaliyojaa, kumbe chini ya mafuta hakuna misuli. Ni kama ghala lililopakwa rangi nzuri nje, ndani panya wamekwisha kula mahindi. Jirani atasema, "Mzee huyu ana afya!" Siku ya ajali ndipo ukweli hujulikana.

Zamani hospitali zilitegemea pia kipimo cha albumini, ambayo ni protini ya damu inayotengenezwa na ini. Ikiwa chini, ilisemwa kwamba mgonjwa hakula vizuri. Siku hizi inajulikana kwamba albumini hushuka upesi kwa sababu ya jeraha lenyewe na maambukizi, hata kwa mtu aliyekuwa akila vizuri. Inaonyesha ukali wa ugonjwa kuliko inavyoonyesha yaliyomo sahanini. Ndiyo maana daktari wetu hakuridhika na karatasi za maabara. Alimwuliza mama.

5. CHAKULA NDANI YA CHUMBA CHA MAHUTUTI

Mimi nilipoambiwa nyanya "analishwa" nilifikiri ni uji kwa kijiko. Sivyo. Mgonjwa aliye na mashine ya kupumulia hawezi kumeza. Hupitishiwa mrija puani hadi tumboni, na chakula cha majimaji kilichopimwa hupita humo polepole. Madaktari hujaribu kuanza mapema, katika siku mbili za kwanza, ikiwa damu inazunguka vizuri na tumbo linafanya kazi. Utumbo usiopitisha chakula hudhoofika.

Lakini mapema si sawa na kwa pupa. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akipewa chakula kingi ghafla, madini kama fosfati na potasiamu hushuka katika damu, na moyo unaweza kusimama. Jambo hilo lilionekana mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mwaka 1945, wafungwa waliokuwa wameshindishwa na njaa walipofunguliwa na kulishwa. Kwa hiyo mzee aliyekonda huanzishiwa kidogo kidogo, damu yake ikipimwa, na mara nyingi hupewa vitamini B1 kwanza.

Basi kwa nini tusimimine protini nyingi mgonjwa akishazoea, tukajenga misuli iliyokosekana? Swali hilo lilijaribiwa. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa mahututi zaidi ya 1,300 katika nchi 16. Kundi moja lilipewa protini nyingi na jingine kiasi cha kawaida. Waliopewa nyingi hawakutoka hospitalini wakiwa hai mapema zaidi ya wenzao. Na wale ambao figo zao zilikuwa zimeumia, huenda protini nyingi iliwadhuru.

Wenzangu, nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba chakula cha hospitalini ni cha lazima, lakini hakiwezi kulipa kwa wiki mbili deni lililokusanyika kwa miaka miwili. Mwili ulio katika kipindi cha kujaa haujengi, unabomoa. Akiba huwekwa kabla. Sisi tulifika hospitalini na chupa ya uji mikononi, sista akatuambia kwa upole kwamba haiwezekani. Uji ule ulistahili kunywewa nyumbani mwaka mmoja nyuma.

6. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Babu bado yupo, namshukuru Mungu. Kwa hiyo sehemu hii siiandiki kwa nadharia.

Kwanza, tupime na tuandike. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi babu hupanda mizani ya jirani yetu anayenunua kahawa. Kanuni ni hii: mtu akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi sita bila kukusudia, apelekwe kwa daktari. Tufanye hesabu. Mzee alikuwa na kilo 60 mwezi wa Januari. Mwezi wa Juni ana kilo 56. Amepoteza kilo 4. Gawanya 4 kwa 60, zidisha kwa 100, utapata 6.7. Huyo amepita mpaka! Kilo nne si kitu kwa macho, lakini kwa hesabu ni kengele ya hatari.

Pili, kwa kuwa tumeona mizani hudanganya, tutumie na futi ya fundi cherehani. Pima mzingo wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi. Ukiwa chini ya sentimita 31 kwa mzee, ni ishara kwamba misuli imepungua. Mwangalie pia anavyoinuka kitini. Je, anaweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono?

Tatu, tuangalie sahani yake. Wataalamu wanashauri mzee mwenye afya apate kati ya gramu 1 na gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Mzee wa kilo 56 anahitaji kama gramu 56 hadi 67. Chai ya rangi na mkate haifiki hata robo. Lakini si lazima tuchinje kuku kila siku. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe kikubwa cha maziwa, yawe freshi au mala, kina kama gramu 8. Kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa kina kama gramu 15, na ndengu karibu sawa na hayo. Omena nao wana protini nyingi kwa bei ndogo. Ukiweka uji wa maziwa na yai asubuhi, maharagwe mchana, ndengu jioni na kikombe cha mala kabla ya kulala, umefika gramu 50 na zaidi. Kinachobaki hujazwa na ugali, mahindi na viazi. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kumwona daktari.

Nne, tuangalie meno. Githeri ngumu kwa mtu asiye na magego ni adhabu. Maharagwe yapondwe, omena wasagwe, nyama ikatwe vipande vidogo sana.

Tano, misuli haikai kwa kula tu. Isipotumiwa hukonda. Babu huinuka kitini na kuketi mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Siku za kwanza alikataa. "Mjukuu wangu, wataka kunipeleka jeshini?" aliniuliza. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha.

Sita, na hili ndilo gumu, mzee akigawa nyama yake, tusiipokee. Kwa mila zetu ni heshima mzee kumgawia mtoto, na mtoto kukataa huonekana ni utovu wa adabu. Sisi tulipata njia. Mama hugawa sahani jikoni, na ya babu huletwa ya kwanza, naye huanza kula sisi tukingali tunanawa. Adabu imebaki, na nyama imebaki.

HITIMISHO

Wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Mwili wa mzee uliovunjika nao hujikokota kwenye zizi lake, ambalo ni misuli yake. Akikuta kitu humo, madaktari wana pa kuanzia. Akikuta zizi tupu, hata hospitali yenye mashine zote hupata taabu.

Kwa hiyo likizo hii ukifika nyumbani, usiishie kumwamkia babu na nyanya na kupokea baraka. Tazama kama nguo zinawapwaya. Uliza walikula nini jana. Nyanya wangu hatukumwuliza. Wewe bado una nafasi.

MSAMIATI

Akiba: kitu kilichowekwa kwa matumizi ya baadaye.
Kupwa: kurudi nyuma kwa maji ya bahari. Kinyume chake ni kujaa.
Kupwaya: kuwa kubwa kuliko mwili, kwa nguo au kiatu.
Mahututi: aliye katika hali mbaya sana ya ugonjwa.
Majeruhi: mtu aliyeumia kwa ajali au vita.
Shavu la mguu: sehemu nene ya nyuma ya mguu, chini ya goti.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini mtu aliyevunjika mguu mmoja hupoteza misuli ya mwili mzima.
2. "Mnene si lazima awe na akiba." Thibitisha kauli hii kwa kutumia makala.
3. Mzee alikuwa na kilo 62 mwezi wa Februari na kilo 58 mwezi wa Julai. Amepoteza asilimia ngapi? Ungeishauri nini familia yake?
4. Kwa nini mtu aliyeshinda na njaa muda mrefu hapewi chakula kingi mara moja?
5. Andika methali nyingine mbili zinazohusu kujiandaa mapema, kisha uzitungie sentensi zinazohusu afya ya wazee.

Mwanachama, Kidato cha Tatu